Vipande Kumi na Vinne vya Gari la Wagonjwa

Msihangaike kuitafuta kwenye ramani, nchi yenyewe haipo. Nami nimesimuliwa tu na watu waliopita huko, na watu hao hawana kawaida ya kusema uongo, labda ukiwauliza umri. Basi katika nchi hiyo isiyokuwepo kulikuwa na jiji liitwalo Ubiani. Jiji lilikuwa na barabara, hospitali moja, Mstahiki Meya mmoja aitwaye Makofia, na gari moja la wagonjwa, na vyote vilikuwa vizima. Kisha Mstahiki Meya akaenda ng'ambo kwenye semina ya siku tano, akarudi na neno.

Neno lenyewe ni ubia. Aliwakusanya wananchi uwanjani, wakakaa juani tangu asubuhi, naye akafika adhuhuri akiwa amepoa vizuri.

"Ndugu wananchi, itifaki imezingatiwa," alisema. "Kwa miaka mingi mmekuwa mkihudumiwa. Hivi hamwoni haya? Mtu mzima, mikono miwili, miguu miwili, anakaa anahudumiwa! Leo ninawarudishia heshima yenu. Huduma si jiji. Huduma ni wewe!"

Watu walipiga makofi ya kilo tatu. Ubiani makofi yalikuwa na vipimo: afisa alipigiwa kilo moja, diwani mbili, Meya tatu, na aliyepunja alionekana. Wiki ileile wafanyakazi wote wa jiji waliachishwa kazi, wakapewa fulana za njano zilizoandikwa HUDUMA NI WEWE mgongoni, wakaambiwa waendelee na kazi zilezile kwa moyo wa kujitolea. Wengine walienda zao. Nafasi zao zikajazwa na wananchi, kila mtu na siku yake.

Gari la wagonjwa ndilo lililoleta ubishi. Mtaa wa Kisiwani ulitaka lilale kwao, mtaa wa Mnadani nao ukataka. Kamati ilikaa siku tatu, ikala wali siku zote tatu, ikaamua kwa haki kabisa: gari ligawanywe. Likafunguliwa vipande kumi na vinne, na kila kipande kikapewa mlezi aliyeapishwa. Huyu akalea magurudumu, yule usukani, yule milango, yule betri. Mstahiki Meya alijichukulia injini kwa sababu ndiyo nzito kuliko vyote, naye alitaka kuonyesha mfano. Wanawake walilia kwa furaha, na mimi nisingeamini kama nisingeambiwa na watu watatu tofauti.

Ikatungwa pia sheria ndogo. Mgonjwa ahitajiye hospitali, jamaa zake watajaza Fomu ya Walezi, watapita kwa walezi wote kumi na wanne, watapata sahihi na kipande, gari litaungwa, mgonjwa ataingizwa. Atakayebebwa mgongoni, au kwa baiskeli, au kwa mkokoteni, huyo anauhujumu ubia na asipokelewe.

Mwanamke mmoja aitwaye Sikudhani aliijua sheria hiyo kwa moyo. Alikuwa mama wa makamo, mfupi, mchapakazi, tena mwenye kupenda mambo yaende sawa. Fulana yake ya njano aliipiga pasi. Yeye ndiye aliyekaa kwenye dirisha la mapokezi hospitalini kila Jumanne, saa mbili asubuhi hadi saa kumi jioni, na ufunguo wa dirisha aliuvaa shingoni kwa uzi mweusi, hauvui hata akioga. Alikuwa na vyeti vinne ukutani. Mumewe, Mbaruku, fundi viatu, hakuwa na hata kimoja.

"Mheshimiwa wa dirisha," alimwita kila Jumanne akirudi. "Leo umewafungia wangapi?"

"Simfungii mtu mimi. Wanakuja bila fomu."

"Na wewe unawaambiaje?"

"Rudini mkakamilishe, ndugu zangu." Alikuwa akisema hivyo kwa upole, na aliamini upole ule ulikuwa kitu.

Sasa asubuhi moja Mbaruku aliamka amejikunja, jasho linamtoka, mkono umeshika ubavu wa kulia chini. Hakutania. Sikudhani aliogopa hapohapo, kwa sababu miaka ishirini na sita ya ndoa hajawahi kumwona mume huyu akiamka bila utani. Alipiga kelele ukutani kumwita jirani yake Bi Foibe, nesi mstaafu, naye akaja na kanga kifuani, akambonyeza mgonjwa mara moja tu.

"Kidole tumbo," alisema Bi Foibe. "Mama, huyu akatwe kabla ya saa sita mchana. Kikimpasukia ndani, basi tena."

"Saa hizi saa ngapi?"

"Moja na nusu. Hospitali ile pale, bati lake hili hapa tunaliona. Mimi nashika miguu, wewe kwapa, tunaita wanaume wawili hapo nje. Robo saa tumefika."

Sikudhani alisimama katikati ya chumba, mikono kichwani.

"Watamrudisha, Foibe."

"Nani atamrudisha?"

"Dirisha! Mwezi uliopita alikuja mtu na mama yake kwenye mkokoteni, fomu ina sahihi kumi na tatu, imebaki moja tu, ya betri. Nikamrudisha. Mimi mwenyewe! Leo nimpeleke mume wangu mgongoni, atanipokea nani?"

"Na yule mama alifikia wapi?"

Hilo Sikudhani hakuwahi kuuliza. Alimfunika Mbaruku shuka, akamwambia anakwenda kuleta gari. Mbaruku alifungua jicho moja.

"Lote?" aliuliza.

"Lote, mume wangu. Usiondoke hapo." Akatoka mbio bila chai, bila kumbukumbu ya kitu kingine chochote duniani.

Fomu zilikuwa kwa Afisa Ubia wa kata, Bwana Kalumuna, ambaye uani kwake ndiko kulikokaa bodi tupu ya gari, kuku wamelala ndani. Sikudhani alimkuta ofisini na wajumbe wawili. Shikamoo akaitoa akiwa bado mlangoni, akaomba fomu.

"Marahaba, mama. Fomu haitolewi kienyeji. Kila utoaji ni kikao, na kikao kina ufunguzi. Tuanze kwa kujitambulisha."

"Bwana Kalumuna, unanijua. Jana tumepishana gengeni."

"Mimi nakujua, kikao hakikujui."

Akajitambulisha. Wajumbe wakajitambulisha, kila mmoja na historia yake tangu shule ya msingi. Akakaribishwa kwa makofi ya nusu kilo. Kisha wakasoma mihtasari ya kikao kilichopita, ambacho kilikuwa cha mtu aliyeomba fomu kwa ajili ya dada yake, na chini ya yatokanayo iliandikwa kuwa mwombaji hakurejea kutoa mrejesho. Mjumbe mmoja alisikitika kwamba wananchi hawana utamaduni wa mrejesho. Sikudhani aliomba kwa machozi wamwache aende. Wakamwambia machozi yataingia kwenye mengineyo. Alitoka na fomu saa tatu kasoro, na sahihi ya kwanza, na bodi ikafukuzwa kuku.

Magurudumu manne yalikuwa kwa Mama Nyamizi, mama lishe. Aliyalaza chini mbele ya kibanda na kuyafanya viti, na wateja walikuwa wameyakalia wanakula.

"Karibu, shoga. Leo Jumanne, siku yangu ya chapati maharage, nimejaa kama unavyoona."

"Nataka magurudumu. Mbaruku yuko hoi."

"Maskini, shemeji yangu! Hebu subiri hawa wamalize. Siwezi kumwinua mteja na tonge mdomoni, atanitangaza mji mzima."

Sikudhani alisimama akiwatazama wanaume wanne wakitafuna. Aliwachukia mmoja mmoja. Wa tatu aliongeza maharage. Alipomsogelea na kumwambia mume wake anakufa, yule bwana alimpa pole ya dhati, akasogea kidogo kwenye gurudumu ili naye akae. Ikafika saa nne ndipo gurudumu la mwisho likabiringishwa.

Machela ilikuwa kwa Mzee Lugome, anakausha juu yake mihogo. Huyu hakuleta maneno. Aliimwaga mihogo chini papo hapo, akatia sahihi, akawaita wanawe watatu, watu wazima wenye mabega mapana.

"Chukueni, mkampakie," alisema. "Bi Sikudhani, gari la nini tena? Machela hii, vijana hawa, na mimi wa nne. Kwako hadi hospitali ni hatua."

Mbele ya Sikudhani palikuwa na machela, watu wanne, na bati la hospitali likimetameta juu ya paa za mtaa. Hakuhitaji kitu kingine. Aliitazama fomu: sahihi tatu, nafasi kumi na moja wazi. Akamwona akilini yule mtu wa mkokoteni alivyogeuza mkokoteni wake getini, polepole, asimtikise mama yake.

"Haruhusiwi, mzee," alisema. "Nawajua watu wa dirishani. Hawana huruma."

Mzee Lugome alikuna kichwa. Naye alikuwa na fulana ya njano na kiapo chake. Wakapeleka machela kwa Kalumuna ikaungwe na mengine.

Kwa walezi waliofuata mama huyu alipita akikimbia, viatu mkononi. Milango ilikuwa imefungwa kwenye choo cha mtu, na mwenye choo alikuwa ndani. King'ora kilikuwa kwa Shebe, mshereheshaji wa harusi, ambaye alikuwa amekizoea kwa kuingiza maharusi ukumbini. Alikitoa, ila aliomba kwanza akipige mara moja akiage. Kioo cha mbele kilikuwa kimefanywa meza ya kuuzia simu. Mlezi wa breki alisema yeye ndiye mlezi pekee aliyewahi kuhudhuria semina zote, akataka Sikudhani aone picha. Mlezi wa ufunguo alikuwa ameuficha mahali salama mno, na familia nzima ilipiga magoti kuutafuta chini ya vitanda. Kila aliyetoa kipande alisubiri makofi yake. Sikudhani aliyapiga peke yake, viganja vikamwaka, huku anahesabu saa kichwani. Saa sita ilipita akiwa chini ya kitanda cha watu asiowajua. Alilia humohumo chini, kwa sauti, na wenye nyumba wakamletea maji.

Saa saba unusu zilikuwa zimetimia sahihi kumi na tatu. Ilibaki injini.

Mstahiki Meya alimpokea sebuleni. Injini ilikuwa katikati, juu ya meza ya kioo, imefunikwa kitambaa cheupe cha kufuma na juu yake maua ya plastiki.

"Mama, umefanya kazi kubwa," alisema Meya baada ya kuisoma fomu kwa kuinyoosha mbali na macho. "Kumi na tatu! Huu ndio ubia niliouota kule semina."

"Mstahiki, bado hii yako. Mume wangu anakufa."

"Nimekusikia na nimepokea. Lakini injini ndiyo moyo wa ubia, haitoki hivihivi. Lazima iwepo hafla ya makabidhiano. Hafla lazima iwe na mgeni rasmi, na mgeni rasmi wa jiji hili ni mimi. Sasa mimi ndiye mkabidhi. Siwezi kukabidhi halafu nikajishukuru mwenyewe, nitachekwa."

"Mteue mtu. Mteue hata mpishi."

"Naibu wangu yuko safarini, anarudi kesho kutwa. Kesho kutwa saa nne, mama, na hema nitaweka mimi."

Sikudhani alipiga magoti kwenye zulia. Hajawahi kumpigia mtu magoti tangu siku ya kuposwa. Alimshika Meya pindo la suruali, akamwambia wana ndoa ya miaka ishirini na sita, na kwamba hana mtu mwingine wa kumchokoza asubuhi. Meya aliguswa kwelikweli. Aliinama akamwinua, akamwambia kwamba watu kama yeye ndio wanaomtia nguvu ya kuendelea, akamwita mpiga picha.

Alirudi nyumbani bila sahihi ya kumi na nne. Nje ya mlango walezi walikuwa wamehamishia vipande kutoka kwa Kalumuna, na gari lilikuwa limesimama, jeupe, limeungwa lote. Watu wa Ubiani walikuwa hodari wa kuliunga, kwa kuwa kila Sikukuu ya Ubia waliliunga mbele ya Meya kwa kushindana na saa. Ila ndani ya boneti palikuwa patupu. Nyuma, Mbaruku alikuwa amelala kwenye machela, midomo imemkauka. Bi Foibe alikuwa akimfuta uso.

"Maumivu yalikata ghafla saa saba," Bi Foibe alimwambia pembeni. "Anasema ana nafuu."

"Alhamdulillahi!"

"Usishukuru. Kimepasuka."

Sikudhani aligeuka akawaangalia watu. "Sukumeni," alisema. Hakuna aliyeelewa. "Sukumeni gari, jamani, mnangoja nini! Sukumeni!"

Wakalisukuma. Mlezi wa usukani alishika usukani, kwa kuwa hakuna mwingine aliyeapishwa kuushika. Shebe alipiga king'ora kwa mkono mmoja akisukuma kwa mwingine. Waliokuwa wakila chapati walisukuma, Mama Nyamizi alisukuma, na njiani wapita njia walisimama wakapiga makofi, wengine kilo tatu nzima. Sikudhani alisukuma upande wa kioo, ili amwone mumewe, na alikuwa anamwongelesha muda wote. Walifika baada ya dakika ishirini. Mzee Lugome, akihema, aliitazama machela, kisha akamtazama Sikudhani.

Uwanja wa hospitali ulikuwa umejaa watu, zaidi ya arobaini, wamekaa chini, wengine wamelala kwenye mikeka. Wote walikuwa na fomu mkononi. Dirisha la mapokezi lilikuwa limefungwa.

Sikudhani alilipiga ngumi. "Fungua! Kuna mtu anakufa hapa! Nani yuko zamu leo? Nani huyu asiye na haya, watu wamejaa uwanja mzima, yeye yuko wapi? Nitamshitaki, wallahi nitamshitaki!"

Watu walimtazama. Mwishowe mama mmoja mzee, aliyekaa karibu na ukuta na mjukuu mapajani, akainua uso.

"Si wewe, mwanangu?" aliuliza. "Leo si Jumanne?"

Mkono wa Sikudhani ulikwenda shingoni wenyewe. Ufunguo ulikuwa pale, kwenye uzi wake mweusi, umelowa jasho la kutwa nzima. Angemleta Mbaruku mgongoni saa mbili asubuhi, mtu wa kumpokea au kumrudisha angekuwa yeye. Alijua hivyo sasa, wote walijua, na hakukuwa na la kufanya. Alizunguka nyuma, akafungua, akachukua muhuri. Hakusoma fomu hata moja. Alifungua na mlango mkubwa, akawapungia wote waingie, wenye sahihi kumi na nne na wenye sahihi mbili, akigonga muhuri kwenye chochote kilichonyooshwa mbele yake na kulia bila kujifuta.

Daktari alikuwa ndani, ofisini kwake, tangu asubuhi, koti limenyooka.

"Nimekaa humu kutwa," alisema akitoka mbio. "Hakuletwa hata mmoja. Nikadhani leo jiji zima lina afya."

Alimwingiza Mbaruku chumba cha upasuaji palepale. Jua lilikuwa linazama alipotoka, akaketi kwenye benchi karibu na Sikudhani, akavua glavu.

"Pole, mama. Angefika hata saa tano, sasa hivi angekuwa anakutania."

"Anatania sana," alisema Sikudhani. "Anatania sana huyu."

Walimzika kesho yake. Mstahiki Meya alituma salamu ndefu, zikasomwa, zikitaja kwamba Ubiani sasa ni jiji la kwanza duniani lenye gari la wagonjwa lisilohitaji injini. Walezi walipewa vyeti. Siku ya tatu ya msiba alikuja Afisa Kalumuna, akakaa mkekani, akala, akatoa mkobani daftari la mahudhurio la hospitali. Kwenye Jumanne ile, mbele ya jina la Sikudhani, iliandikwa kwa wino mwekundu: HAKUFIKA.

"Samahani kukusumbua, mama. Hapa pembeni tunataka sababu tu. Bila sababu rekodi yako inachafuka, na ulikuwa msafi."

Sikudhani alichukua kalamu. Aliandika polepole, kwa mwandiko wake mzuri wa dirishani: Nilikuwa natafuta huduma.

Kalumuna alisoma mara mbili, akakunja uso.

"Hii haimo kwenye orodha, mama. Sababu zinazokubalika ni tatu: kuugua, kusafiri, kufiwa." Akamsogelea kwa wema, sauti chini, kama anayempa njia. "Wewe andika kufiwa, tumalize."

"Hapana, Bwana Kalumuna," alisema Sikudhani. "Kufiwa kulikuja jioni. Asubuhi nilikuwa na mume."